Watu wa Usalama Wamekuja Kuulizia Damu Yangu

Tarehe 2 Februari

Kwako kitindamimba wangu,

Nakusalimu kwanza, halafu nakusalimu tena kwa sababu ya ile mara nyingine sikukusalimu vizuri. Hujambo baba? Mgongo je? Na hayo masanduku yako ya kupandisha watu ghorofani, bado yanakutii? Mimi huku sijambo. Kamba yangu ya kuanikia haijambo ila imelegea upande wa choo. Yule paka wa jirani aliyekuwa akilala juu ya mashuka ya watu amezaa, na amezaa ndani ya kapu langu la nguo chafu, kwa hiyo siku hizi nafua huku nalindwa. Mama Vifungo anakusalimu. Humjui. Ni fundi cherehani, amepanga kile chumba cha mbele, mdomo umejaa pini saa zote mpaka nashangaa anakulaje. Ndiye anayeniandikia. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze hata neno, maana yule aliyekuwa akiniandikia zamani alikuwa ananifupisha, nasema mpaka koo linakauka, kuja kutazama karatasi, mistari kama nyusi.

(Ni kweli, naandika yote. Mkono unaniuma. Mama Vifungo.)

Sasa utauliza, kwa nini barua na simu ipo? Simu nimeizima, nimeitia kwenye kopo la wanga, nimefunika na kifuniko. Usinipigie. Simu ina masikio. Nina jambo, baba, na ninaogopa. Naogopa mpaka juzi nimeunguza kola ya shati la kinyozi, na kinyozi mwenyewe unamjua, shati lile ndilo la kila mahali.

Watu wa usalama wamekuja kuniulizia.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa uani naanika mashuka ya nyumba ya wageni. Nikasikia sauti ya mwanamke kwa muuza mkaa: "Yule mama dobi anayetumia dawa ya damu anakaa wapi?" Na muuza mkaa na lile domo lake, akamwelekeza mpaka rangi ya mlango. Nikaganda nyuma ya shuka. Akaja. Nikaona viatu vyake tu kwa chini, viatu safi, na huku kwetu nani ana viatu safi wakati wa matope haya? Akapiga hodi. Sikuitika. Shuka ndilo lililoitika, top, top, maji yanadondoka. Akapiga tena. Mama Vifungo ndiye aliyetoka na pini zake. Mwanamke, Mama Vifungo aliniambia baadaye, ana sweta la kijivu, ana kitambulisho shingoni, ana begi. Akasema, na nakwambia hivi nilivyosikia kwa masikio yangu mawili: "Natoka usalama. Tunawafuatilia wote walioitumia dawa hii kwa muda mrefu. Nina maswali machache tu. Nataka kumuuliza, tangu siku ile alipoanza, amepatwa na jambo gani." Mama Vifungo akamwambia sipo, akaenda zake.

Maswali machache tu! Baba, unaikumbuka kauli hiyo? Wewe ulikuwa mdogo, umekaa chini unachezea waya. Baba yako alikuwa na redio ya mtu mezani, ameifungua matumbo yote nje. Wakaja wale wawili wa usalama, wapole, wanatoa shikamoo. "Mzee, ni maswali machache tu, tena kwa usalama wako. Jioni utakuwa umerudi." Baba yako akaniambia redio nisiiguse, atakuja kuimalizia. Sijaigusa. Naifuta vumbi kwa unyoya wa kuku nisisogeze nyaya. Hata mwenye redio hajathubutu kuja kuidai.

Kwa hiyo mtu akija na maswali machache, mimi nafunga mlango.

Sasa najiuliza, dawa yangu imewakosea nini? Wewe ugonjwa wangu unaujua, ila namweleza Mama Vifungo naye apate kuelewa, maana ananitumbulia macho. Damu yangu mimi haina gundi. Daktari alisema ndani ya damu mna vichembe vidogo vya kuziba, mtu akijikata vinakimbilia pale vinaziba kama watu wa zamu. Sasa mwili wangu mimi umechanganyikiwa, unavila vichembe vyake wenyewe, unavidhania wezi. Ndiyo maana nilikuwa nikigusa tu beseni mkono unavilia damu, bluu, mpaka majirani wakadhani nina mwanamume ananipiga, na wengine wakanionea wivu kwa umri wangu huu. Pua ilikuwa ikifunguka kama bomba. Ndipo nikapewa vile vidonge, mwaka ulioondoka wewe. Nameza tumbo tupu, maziwa nayakimbia kwa sababu yanagombana na dawa, na kliniki wananipima damu na ini. Tangu hapo pua imefunga. Namshukuru Mungu na daktari, kwa mpangilio huo.

Lakini pale kwenye benchi la kliniki kuna mzee fundi saa, anameza dawa hiyohiyo. Mzee huyo ana maneno! Aliniambia dawa ikikaa mwilini miaka mingi hakuna anayejua inapika nini humo ndani. Nikamwambia nyamaza, wewe tengeneza saa. Lakini neno liliniingia.

(Hapa kuna jambo amesema nisiliandike. Lakini mwanzo alisema niandike kila anachosema, kwa hiyo naandika. Jicho lake la kushoto lina ukungu. Anasema ni kama anakutazama kupitia shuka bichi. Kliniki amewaficha, anaogopa wakijua watamnyang'anya vidonge na pua ifunguke tena. Mama Vifungo.)

Siku yangu ya kliniki inakaribia na nikienda watakuwa wananingoja pale. Nifanye nini baba? Nijibu kwa karatasi, na karatasi uikunje kama nilivyokufundisha kukunja shati: mikono ndani kwanza, mkia juu, kola mwisho. Kusoma sijui, lakini mkunjo wa mkono wako naujua hata gizani. Iliyokunjwa vingine siipokei.

Mimi mama yako

---

Tarehe 21 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukungu wa jicho haujaongezeka. Nimeikunja kwa mkunjo wetu. Mimi ni mzima wa mwili. Mwambie Mama Vifungo asante kwa kuandika hata usichotaka kiandikwe.

Mama, nilipoisoma barua yako nilikuwa juu ya lifti, kwenye shimo, nimeshika taa kwa meno. Nilishuka nikakaa chini. Nami navikumbuka viatu vya wale wawili. Wewe unakumbuka maneno, mimi nilikuwa chini na waya wangu, nakumbuka viatu, vyeusi, vinang'aa, kimoja kilikanyaga waya wangu na mwenyewe akasema "samahani mtoto."

Sijui wanataka nini kwako. Labda ni habari ya baba imefufuka. Labda kuna mtu anaandika upya majina. Usimfungulie yeyote. Na kliniki usiende kwanza, pale ndipo wanapojua siku yako. Kaa ndani mpaka niulizie kwa watu ninaowaamini. Nguo za wateja azipokee Mama Vifungo.

Nitakuandikia mara tu nitakapopata jambo. Usiwe na wasiwasi mama. Nasema hivyo, na mimi mwenyewe leo nimefunga skrubu moja kinyume.

Mwanao, kitindamimba wako

---

Tarehe 24 Machi

Kwako baba yangu mdogo,

Salamu kutoka ndani, kwa maana nje sitoki. Waonaje hali? Unakula? Usile kwa kusimama, unajua tumbo lako. Barua yako ilifika, nikaipapasa kwanza: mikono, mkia, kola. Nikaibusu ndipo nikampa Mama Vifungo asome. Ulivyosema nisiende kliniki, sikwenda. Ulivyosema nisifungue, sijafungua, hata muuza mkaa ananipitishia mkaa dirishani kama naiba.

Paka amehamisha watoto. Nadhani kapu langu limemchosha kwa maombi yangu.

Baba, vile vidonge vimekwisha. Nilivivuta kwanza, namega, nalamba kama pipi, nikijua haifai. Sasa kopo limebaki na pamba tu. Usijilaumu, nakujua wewe kwa kujilaumu, ulipokuwa mdogo sufuria ikidondoka jikoni wewe chumbani unasema samahani. Niko sawa. Miguu tu ina vidoadoa vyekundu, kama mtu amenikung'utia kalamu ya wino. Na fizi. Nikipiga mswaki natema pinki. Mama Vifungo anasema rangi hiyo ingependeza kwenye kitambaa cha sare. Nikacheka, na nilipocheka fizi ikatoka damu tena, basi nikaacha kucheka.

(Hasemi yote. Juzi alikuwa anapiga pasi shuka la nyumba ya wageni, pua ikadondosha. Mwanamke huyu amefua madoa ya watu maisha yake yote, na alipoona shuka jeupe la mteja lina doa lake yeye, alikaa chini akalifunika na kanga kama vile limekufa. Nilimwambia twende hospitali. Akanishika mkono, akasema, "Nikienda, sirudi." Nami nakwambia kweli, nimeogopa. Mama Vifungo.)

Sasa sikiliza habari ya kutisha. Mzee fundi saa hayupo. Yule mwanamke wa sweta alikwenda kibandani kwake, mzee na domo lake akajibu maswali yote, akacheka naye, akaingia kwenye gari lao. Gari, baba! Lina maandishi mlangoni. Hajarudi. Kibanda kimefungwa, na saa zote mle ndani zinagonga zenyewe, kila moja na wakati wake. Muuza mkaa anasema nywele zinamsimama akipita.

Unaona? Anayejibu anakwenda.

Na nimekumbuka jambo. Alipotoweka baba yako, mtu alipiga simu kwa mwenye duka, sauti kabisa ya binamu ya baba yako, akasema baba yako yuko salama, tusimtafute. Binamu mwenyewe akaapa hakupiga. Kwa hiyo hata wewe ukisikia nimekupigia, si mimi. Na mimi nikikusikia, si wewe. Sauti inaigwa. Mkunjo hauigwi.

Mama yako anayekungoja

---

Tarehe 11 Aprili

Shikamoo mama, shikamoo, shikamoo,

Naomba Mungu unaweza kukaa na kusikiliza hii. Mama, sikiliza kwanza neno moja: ni usalama mwingine!

Nilimpigia Mama Vifungo nikueleze. Ukamnyang'anya simu, ukasema "sauti si karatasi," ukakata. Na sasa simu yake haipatikani, nadhani nayo umeitia kwenye kopo la wanga. Kwa hiyo naandika.

Juzi niliitwa kutengeneza lifti ya jengo moja la afya. Ilikuwa imekwama kati ya ghorofa na ghorofa. Nikaufungua mlango kwa nguvu, nikajikuta nimetokeza kiwiliwili nusu, kama kondoo kwenye uzio, na mbele ya macho yangu kuna mlango umeandikwa USALAMA WA DAWA. Mama, nilisimama pale miguu shimoni nikasoma mara nyingi kama mtoto wa darasa la kwanza. Akatoka mama mmoja mtu mzima na kikombe cha chai, akaniuliza, "Fundi, umekwama wewe au lifti?"

Nikamuuliza, ninyi ndio mnaowatafuta watu wenye vidonge vya damu? Akasema ndiyo, ofisi kama hizo ziko nchi nyingi. Wao hawamfuatilii mtu, wanaifuatilia dawa. Dawa inapopimwa mwanzoni inapimwa kwa muda mfupi, lakini wagonjwa wanaimeza miaka na miaka. Kwa hiyo wanawauliza wale waliokaa nayo muda mrefu: ini likoje, damu haigandi mahali pasipotakiwa, macho yanaona? Macho, mama. Wanayauliza macho, kwa sababu wengine wamepata ukungu. Anayeshukiwa ni kidonge, wewe ni shahidi.

Nilimwambia umeacha dawa. Kikombe akakitua chini. Akasema dawa hii haiachwi ghafla, vichembe vinaweza kushuka hata chini ya pale vilipokuwa mwanzo. "Nani amemwambia aache?" Ni mimi. Nilikwambia usiende kliniki, wala sikuuliza vidonge vimebaki vingapi.

Nenda hospitali leo hiihii. Na ili usiwe na shaka hata kidogo, nimemwomba huyu mama anipigie chapa barua hii kwenye mashine, nayo inakuja na mhuri wao na bahasha ya ofisi. Ukiuona mhuri utajua ni kweli.

Mwanao

---

Tarehe 30 Aprili

Kitindamimba,

Hujambo. Mimi nipo.

Leo nasema kidogo, mdomo unanijaa. Wamenipata mpaka kwa karatasi. Imeletwa bahasha ya kaki, kubwa, ngumu, ina mhuri wa mviringo. Nimeipapasa kwa nje. Ndani imekunjwa mara moja katikati, pah, kama shati lililokunjwa na mwanamume mlevi. Haina mikono. Haina kola. Mama Vifungo akasema juu kuna jina lako, nikamwambia hata baba yako waliandika jina lake vizuri, kwenye karatasi yenye mhuri kama huo.

Sikuifungua. Nimeikalia.

(Ni kweli ameikalia, iko chini ya makalio yake sasa hivi tunapoandika. Nilitaka kuivuta akiwa amelala, lakini halali. Mwanangu, mimi ni mtu wa nyuzi, sijui mambo ya usalama wala ya damu, lakini mama yako ana bonge la damu kwenye ulimi kama zabibu na miguu imekuwa yote zambarau. Jana alitaka kufua. Kukamua leso tu, kiganja kikavilia. Kama wewe ndiye uliyeandika hii ya kaki, andika nyingine, ukunje anavyotaka. Kama si wewe, njoo. Fanya moja kati ya hayo upesi. Mama Vifungo.)

Redio ya baba yako nimemwonyesha Mama Vifungo ilipo. Asisogeze nyaya.

Mama

---

Tarehe 7 Mei

Shikamoo mama,

Mikono ndani kwanza. Mkia juu. Kola mwisho. Ipapase. Ni mimi.

Ile ya kaki ilikuwa yangu. Mhuri niliutaka mimi, mpumbavu mimi, nilidhani mhuri utakutuliza, nikasahau mihuri imetufanya nini. Mama Vifungo, tafadhali ivute sasa umsomee yote, neno kwa neno, halafu muende hospitali. Msingoje mama akubali. Mbebe.

Anayeleta barua hii ni mwenzangu wa kazi, anasafiri leo, hajui kilichomo. Ruhusa yangu ya kuondoka bado iko mezani kwa bosi. Ikitoka tu, nakuja.

Mama, nami naogopa. Siwaogopi tena wale wa viatu. Naogopa nimekuua kwa karatasi.

Mwanao, kitindamimba wako

---

Tarehe 19 Mei

Kwako baba yangu, kitindamimba, fundi wa kukwama shimoni,

Hujambo? Hujambo tena? Tulia kwanza, mimi nipo, naongea, na hapa wodini wameshaniomba ninyamaze, jana mara mbili. Basi tulia.

Mwandiko huu si wa Mama Vifungo. Mama Vifungo wamemzuia mlangoni kwa sababu alikuja na mkasi shingoni na pini mdomoni, mlinzi akadhani anakuja kupasua watu. Anayeniandikia sasa ni yeye. Yule. Mwenye sweta la kijivu. Ndiyo baba, mtu wa usalama ndiye ameshika kalamu, na nimemwambia asinifupishe. Hajui kucheka haraka, lakini ana mwandiko wa kasi.

Barua yako ilifika pua imefunguka. Nilikuwa nimekaa na beseni mapajani. Rafiki yako akanipa karatasi, mrefu yule, hana nyama. Nikaipapasa kwa mkono ulio safi. Mikono. Mkia. Kola, tena ulivyo na haraka kola uliikunja pembe moja ndefu kuliko ile nyingine, kosa lako la tangu utoto, nilikuwa nakupiga kwa ajili ya pembe hiyo. Nikasema, "Ni wake." Mama Vifungo akanisukuma upande mmoja, akaichomoa ile ya kaki, akasoma zote mbili kwa sauti huku ananibana pua kwa pindo la gauni la mteja.

Nilicheka, baba. "Umekwama wewe au lifti!" Halafu nikaogopa kuliko mwanzo, maana nilijua sasa kinachoniua ni nini, na kilikuwa ni mlango wangu mwenyewe nilioufunga.

Wakanipakia kwenye mkokoteni wa muuza mkaa. Nimefika hospitali mweusi ti, na mwekundu usoni, muuguzi akapiga kelele, "Ameungua huyu!" Muuza mkaa akamwambia, "Hajaungua dada, amevuja." Wakanitia damu, wakanitia na dawa ya mshipa, na daktari akanisema mpaka nikamkumbuka mama yangu. Vidonge nimeanzishwa tena, nameza wananitazama kama kuku anavyotazamwa akinywa maji. Vichembe vinapanda, ila polepole, na bado hawaniruhusu kushuka kitandani peke yangu, wanasema nikianguka nitavujia kichwani. Kwa hiyo hofu ipo, imelala hapa na mimi, shuka moja.

Na unajua nani yuko wodi ya ng'ambo? Mzee fundi saa! Ana pamba jichoni. Lile gari lilikuwa la macho, baba, walimleta apasuliwe ukungu. Alipona akalazwa tena kwa kiburi, alilisugua jicho. Ananiletea salamu kupitia kwa mfagiaji: "Mwambieni dobi mimi nilichukuliwa na nikarudishwa, yeye alijificha akaletwa na mkaa."

Huyu mwanangu wa sweta alikuja nilipoweza kukaa. Akavuta kiti. Akatoa karatasi yake. Moyo wangu ukaenda mbio mpaka kile kimashine cha kupima moyo kikalia, muuguzi akaja. Nikamuuliza kabla hajaniuliza: "Nikisema lililo jichoni, mtaninyang'anya dawa?"

Akasema, "Sijui mama."

Nikamwambia rudia.

Akasema, "Sijui. Daktari wa damu na wa macho watakaa na wewe. Huenda dawa ikabaki na jicho likapasuliwa. Huenda ikabadilishwa. Wala hatujui kwa hakika kama ni dawa au ni umri. Ndiyo maana tunauliza."

Baba, wale waliokuja kumchukua baba yako walikuwa na uhakika wote. Jioni atarudi, walisema, wala hawakupepesa macho. Huyu hana uhakika hata wa jicho moja la mwanamke mzee, na hakuona haya kuniambia. Nikamwambia basi andika. Nikamweleza ukungu wote, tangu ulipoanza nikidhani ni mvuke wa pasi, mpaka siku nilipoianika soksi moja na glovu nikiona ni jozi. Akaandika hata soksi. Nikamweleza na siku nilizomega vidonge. Wewe nilikutaja kama mwanangu mwenye akili, hayo mengine ni yetu.

Karatasi ilipokwisha akaifunga, akasema, "Kuna lingine, mama?"

Nikamuuliza, "Ninyi kweli mnawafuatilia watu muda mrefu?"

"Ndiyo mama. Miaka."

Na sasa namwambia, "Basi nifuatilieni na mtu wangu mmoja. Alichukuliwa kwa usalama wake."

Hapa ameacha kuandika, baba. Nimemwambia aandike kwamba ameacha kuandika. Sasa ameshika kalamu tena. Anasema hiyo si idara yao. Nimemwambia najua, mimi si mjinga, sijasoma tu. Anasema hajui ampelekee nani. Nimemwambia hata hilo liandike, kwamba hujui.

Ameuliza jina la baba yako. Nimelitaja. Tangu ile jioni sikuwahi kulitoa mdomoni, nasema "baba yako," nasema "fundi wa redio," na leo limetoka lote, na fizi haikutoa damu. Ameigeuza ile karatasi yake upande mweupe, jina ameliandika peke yake.

Halafu ameniuliza vilevile anavyowauliza wote, kwa sauti ileile niliyoisikia nimejificha nyuma ya shuka: "Tangu siku ile, mama, umepatwa na jambo gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Barua hii nitaikunja mwenyewe, mkono una sindano na jicho lina ukungu, kwa hiyo ukikuta kola imepinda usishtuke. Ikitoka ruhusa yako njoo. Sasa naikatisha hapa, kiti amekisogeza, ananingoja nianze.

Mimi mama yako